Mtani Aliponiita Ndugu

"Baba, liondoe hilo neno mtani," binti yangu aliniambia. "Ukiliacha, kila mtu ataelewa hapohapo. Akishaelewa, atafungua tovuti kutafuta nini?"

Tulikuwa barazani kwangu, Morogoro mjini, asubuhi ya siku ya tatu baada ya kumzika kaka yangu. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Kwenye kioo kulikuwa na video ya sekunde chache: mzee mmoja, kofia ya marehemu kaka yangu kichwani, amekaa juu ya udongo wa kaburi ambalo lilikuwa bado wazi, anapunga fimbo ya marehemu na kupiga kelele. Chini ya video nilikuwa nimeandika: "Mtani wetu amekalia kaburi la kaka yangu. Soma kwa nini."

Nikalifuta neno lile, nikaandika "Mzee huyu" mahali pake, nikabonyeza.

Binti ndiye aliyeshauri, lakini yeye alizaliwa mjini na kukulia mjini, na utani aliujua kwa kuusikia tu. Mimi nilizaliwa mlimani. Nilijua ni neno gani nalitoa, na nililitoa kwa sababu nilitaka watu waje. Kosa ni langu.

Nieleze ilivyoanza, maana ilianza vizuri, na miaka ile naikumbuka kwa furaha kuliko ninavyostahili.

Baada ya kidato cha nne niliajiriwa reli, nikawa karani wa stesheni, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanyia Ngerengere. Kazi ya karani wa stesheni ni kusema mambo makubwa kwa maneno machache. Treni imetoka. Treni imefika. Njia nyeupe. Ukiongeza neno lisilohitajika, mwenzako wa stesheni ya pili anakuuliza kama umelewa. Nilistaafu na tabia hiyo. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba nilimposa kwa maneno manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa salamu.

Binti yangu, anayefanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja hapa mjini, alinitengenezea tovuti kama zawadi ya kustaafu. "Andika yale unayotusimulia," alisema. Nikaandika. Niliandika majina ya vijito vya kwetu, kila kimoja na sababu ya jina lake. Niliandika jinsi mama zetu walivyoteremka na matenga ya mboga kichwani, wakiondoka kijijini kabla ya jua na kufika sokoni umande ukiwa bado kwenye majani. Niliandika namna ya kuitazama Uluguru asubuhi ukajua kama mvua itafika mjini au itaishia hukohuko juu.

Hakuna aliyesoma. Binti alisoma, na rafiki yake mmoja alisoma kwa kuombwa.

Ndipo akanifundisha mtandao wa kijamii, ule wa kuandika ujumbe mfupi. "Watu hawaji kwako, baba. Wako kule, wanapita. Wafuate kule uwaonjeshe." Nilimwelewa mara moja, kwa sababu nimewaona wauza machungwa wa Mikese. Basi likisimama, muuzaji mzuri hakuelezi chungwa lake. Anakukatia kipande, anakuinulia dirishani, ananyamaza. Ukishaonja, mkono wako wenyewe unaenda mfukoni.

Nikaanza kukata vipande. Kila siku sentensi moja, mbili zikizidi sana. Asubuhi mapema, watu wanapongoja usafiri na simu ziko mkononi. Anayekusalimu mjibu, hata akikusalimu kwa dhihaka. Kiungo cha tovuti usikiweke kila mara, watu watakukimbia kama wanavyomkimbia mtu wa bima. Siku binti aliponionyesha ile alama ya reli inayowekwa mbele ya neno ili wengine walipate, nilicheka mpaka nikakohoa. Miaka yote nimekaa relini, nimestaafu, reli imenifuata mpaka kwenye simu.

Hata hivyo wafuasi walikuja mmoja mmoja, kwa kujikokota. Mpaka siku nilipomwandika mtani.

Kwa msomaji wa mbali, nieleze. Kwetu kuna koo ambazo ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakuita mchoyo, mvivu, mwizi wa kuku, na huna ruhusa ya kukasirika. Unachoruhusiwa ni kumrudishia. Lakini kazi yake kubwa iko msibani. Wengine wanalia, yeye anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na sauti yake, anamtukana, anazuia maiti isipite, mpaka waliofiwa wacheke bila kutaka. Nimezika wazazi wangu wote wawili, na nasema kwa uhakika kwamba pumzi yangu ilirudi pale mtani aliponichekesha. Ndugu yako wa damu hawezi kukufanyia hivyo. Mtani peke yake ndiye anaweza.

Wa kwangu tulikua naye kijiji kimoja, tukasoma naye madrasa moja. Mimi nilishuka, yeye akabaki mlimani na migomba yake na magimbi yake. Kila Jumatatu alileta ndizi sokoni, na akishamaliza kuuza alipita kwangu. Alianza kelele akiwa bado nje ya uzio.

"Nyumba hii ina watu, au ina karani tu?"

"Watu tupo," mke wangu alimjibu kutoka jikoni. "Karani kalala."

"Kalala tena! Treni zote za nchi hii zilichelewa kwa ajili yake, na mpaka leo hajaamka! Mke wangu, chai iko wapi?"

"Mke wako nani? Mume gani anakuja kuoa na kandambili za rangi mbili?"

"Hii nyekundu ya kuolea. Hii ya bluu ya kukimbilia, nikishaonja chai yako."

Jumatatu moja nikaandika: "Mtani wangu kasema treni zote zilichelewa kwa sababu yangu. Nimeshindwa kujitetea." Nikaweka kiungo cha tovuti, kwenye habari niliyoeleza utani ni nini. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanacheka kutoka kila upande. Vijana wa Dar waliniita babu. Mwalimu mmoja wa Tabora, ambao kabila lao ni watani wa kabila letu, aliandika kwamba sisi wote ni watumwa wake. Na walifungua tovuti. Wakishamaliza kusoma habari ya utani, walisoma na ya vijito, na ya mama zetu na matenga yao.

Tangu hapo kila Jumatatu ikawa ya mtani, na watu wakawa wanaingoja. Naye alijua. Mke wangu alimsomea kwa sauti nilichoandika na kile watu walichojibu, na yeye alisikiliza amefumba macho, kikombe kiko gotini, kama anasikiliza taarifa ya habari.

"Leo umeniuza kwa maneno gani, karani?"

"Nimeandika kwamba umekula sufuria nzima ya wali."

"Mwongo! Nilibakiza ukoko. Andika na ukoko."

Sharti alinipa moja tu. Siku hiyo alilitoa bila utani, akiweka kikombe chini kwanza. "Niandike utakavyo. Lakini kila ukiniandika, sema sisi ni watani. Asiyejua ataniona mwendawazimu, na mimi nina wajukuu."

Nilimwambia, "Hilo si la kuombana." Ndiyo sababu kila kipande nilichoandika kilianza na maneno yaleyale: mtani wangu kasema.

Na mke wangu naye alikuwa na sharti lake kwa mtani. Alimwambia mara nyingi, akimmiminia chai: "Siku yangu ikifika, uvae hiki kitenge changu cha njano, uniige ninavyopiga chafya. Usiponiiga sikubali kulala."

Alikuwa akipiga chafya saba mfululizo, na majirani walihesabu. Mtani alikuwa ameshaiweza. Aliifanya palepale barazani, ya kwanza mpaka ya saba, na ya mwisho ilikuwa na mluzi ndani yake, kama ya mke wangu kabisa. Mke wangu alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Ndiyo hiyo," alisema. "Usiisahau."

Kisha kaka yangu akafa, kule juu kijijini.

Mtani alifika kabla yetu. Alichimba kaburi na vijana, akabeba jeneza, na tulipofika makaburini akatoweka kidogo. Alipotokea alikuwa amevaa kofia ya kaka na kushika fimbo yake. Akaenda akakaa juu ya udongo mbichi, miguu ameinyoosha kama kaka alivyopenda kuinyoosha mlangoni kwake.

"Hazikwi mtu hapa!" alipiga kelele. "Mchoyo huyu! Maisha yake yote alibana, leo kabana mpaka pumzi! Mnamweka ardhini ili iweje? Atainyima mihogo isiote!"

Watu walicheka. Nilicheka na mimi, machozi yananitoka. Shehe mwenyewe alikuwa anauma midomo. "Mtani, inuka bwana," alimwambia, "jua linapanda." Akapewa kuku aliyekuwa ameandaliwa, kama desturi ilivyo, akainuka, na yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea kaka yangu. Alimlaza polepole sana, akamweka vizuri kwa ubavu wa kulia. Alipopanda juu alikuwa analia.

Yote hayo niliyachukua kwa simu. Nilitaka kuwa na kumbukumbu.

Video ilikuwa ndefu, na kwa mtandao ule ilibidi iwe fupi. Nikaikata. Kicheko cha watu nikakiacha nje, sauti ya shehe nje, kuku nje, kule kumlaza kaka polepole nje. Ilibaki kofia, fimbo, udongo na matusi. Halafu nikalifuta na neno lililobaki kumlinda.

Binti alikuwa sahihi kuhusu watu. Walikuja. Ilipofika jioni simu ilikuwa haitulii. Lakini hawakufungua tovuti. Waliichukua video wakaipeleka kwingine, bila kiungo, bila jina la tovuti, wengine bila hata ile sentensi yangu. "Mlevi." "Mchawi, hiyo kofia anaitafutia nini?" "Huyu akamatwe." "Kwetu angefukiwa yeye." Wafuasi wangu wa zamani walijaribu kueleza kwamba ni utani. Walikuwa wachache, na sauti zao zilizama.

Siku ya pili niliifuta, nikaweka yote, ndefu, na maelezo. Hakuna aliyeijali ile ndefu. Fupi ilikuwa imeshatoka mikononi mwangu.

Wiki hiyo nilikwenda Ngerengere kumjulia hali mwenzangu wa zamani wa stesheni. Wakati wa kurudi basi lilisimama Mikese, na kijana wa kiti cha pili, mtu mwenye adabu zake, aliniinamia. "Shikamoo mzee. Hebu muone huyu mlevi, anamkalia maiti." Alininyooshea simu. Nilimwona mtani wangu na kofia ya kaka. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja: huyo ni mtani wetu, na aliyeikata hiyo video ni mimi. Nimefanya kazi ya kusema mambo makubwa kwa maneno machache miaka yangu yote. Nilisema, "Dunia hii," nikageukia dirishani, kama vile nanunua machungwa.

Jumatatu iliyofuata mtani hakupita. Mke wangu aliweka chai, ikapoa. Jumatatu ya pili alikwenda mwenyewe sokoni kumtafuta, akarudi na kapu tupu, akakaa.

"Vijana wanamwita mzee wa kaburi," aliniambia. "Wanamsogezea simu usoni akiuza. Wanamwambia, kaa chini babu, kaa tukupige picha. Ameacha kushuka. Ndizi zake analeta mkwe wake."

Kisha akaniuliza, "Uliandika kwamba ni mtani?"

Nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alikwenda kuimwaga chai aliyomwekea mtani asubuhi ile.

Nilipanda mlimani siku ya Alhamisi. Pikipiki ilinifikisha mahali njia inapoishia, nikamalizia kwa miguu, nikipumzika kila kona, maana magoti yangu si yale niliyoshukia. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba. Kila kijito nilichovuka nilikijua jina, na nilikuwa nimeshakiandika. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Niliyatamani. Nilisema moyoni, atanitukana mpaka na watoto watoke nje kusikiliza, nami nitapiga magoti, na yataisha.

Mkwe wake aliniamkia shikamoo, akaingia ndani kumwita. Mtani alitoka akiwa amevaa kanzu safi. Alinipa mikono miwili.

"Karibu, ndugu yangu," alisema.

Niliposikia hivyo nilielewa. Tangu utotoni alikuwa ameniita kila kitu isipokuwa ndugu.

Alinipa kiti chake mwenyewe. Aliniuliza habari za safari, habari za mama watoto, habari za afya. Nilimwomba msamaha, nikamweleza nilivyofanya, neno kwa neno, na nia yangu ilivyokuwa. Alisikiliza akitazama chini.

"Nimekusamehe, ndugu yangu," alisema. "Binadamu tunakosea."

Nikajaribu mlango mwingine. "Nyie wala magimbi mnasamehe haraka hivi? Au magimbi yamewalainisha bongo?"

Aliinua macho akanitazama kwa upole.

"Ni kweli, ndugu yangu. Tunakula magimbi."

Tulikunywa chai. Chai yake ilikuwa nzuri, na hakuna aliyeisema vibaya. Wakati wa kuagana alinieleza jambo moja, tumeshasimama nje. Mjukuu wake wa kike alikuwa amechumbiwa na watu wa mbali. Watu hao waliiona video, wakauliza maswali, wakaelezwa, wakakubali, na ndoa itafungwa. "Lakini mtoto kaniomba nisije nikafanya mambo yangu siku ya harusi yake," alisema. "Nikamwambia sitafanya tena popote. Nimekuwa mtu mzima."

Nikashuka. Tovuti niliiacha kama ilivyokuwa. Sikuandika tena kipande, na wafuasi waliuliza kwa muda, babu yuko wapi, mtani kasemaje leo, kisha wakaacha kuuliza. Kuna siku nazisoma zile Jumatatu za zamani. Ukoko upo. Kandambili nyekundu na bluu zipo. Ukizisoma harakaharaka utadhani bado anapita.

Mke wangu aliugua mwaka uliofuata. Hakuugua muda mrefu. Wiki za mwisho, akiwa kitandani, alikuwa akipiga chafya na kusubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza uzioni. Mara moja aliniuliza, "Umempelekea habari?" Nilimwambia nimempelekea. Akasema, "Basi kitenge kiko kwenye sanduku la juu."

Tulimzika kijijini kwao. Nilikishika kile kitenge cha njano tangu asubuhi, nimekikunja chini ya kwapa. Mtani alifika mapema, na kanzu yake safi. Nilimwendea nikamnyooshea kitenge. Alikiangalia muda mrefu. Aligusa upindo wake kwa vidole viwili. Kisha akanirudishia, akanishika bega.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Mungu amlaze mahali pema."

Akaenda kukaa mkekani na wazee wengine. Makaburini alisimama mstari wa nyuma, mikono ameikutanisha mbele, akatia udongo wake mara tatu kama kila mtu. Hakuna aliyezuia jeneza. Hakuna aliyemwita mke wangu mchoyo, wala aliyeilaumu chai yake. Watoto wangu walilia, nami nililia, na hapakuwa na mtu wa kutupumzisha. Shehe hakuwa na wa kumwambia ainuke. Shughuli iliisha mapema kuliko mazishi yoyote niliyowahi kuhudhuria kwetu.

Kilichonigharimu kulifuta neno lile ni hiki. Mtani wangu amekuwa ndugu, na ataendelea kuwa ndugu mpaka mmoja wetu afe. Na mke wangu, aliyeomba jambo moja tu kwa ajili ya siku yake, alizikwa bila mtu wa kumwiga chafya zake saba.